Kiungo au umbo? Miaka 60 ya visanamu vya mashujaa

MTU anayeshika kisanamu cha shujaa kwa mara ya kwanza hukitazama usoni, kisha hujaribu kukikunja kiwiko. Vitendo hivyo viwili ndivyo vimekuwa kipimo cha ubora wa visanamu hivi tangu vilipozuka miaka ya 1960: je, sura imechongwa ikafanana na mwenyewe, na mwili unaweza kupinda kwa kiasi gani?

Tatizo ni kwamba sifa hizo mbili hazipatani. Ili goti likunjike, sharti mguu ukatwe, vipande viwili viunganishwe kwa pini au gololi, na mwanya mdogo uachwe baina yake. Kila kiungo kinachoongezwa ni jeraha katika kazi ya mchongaji. Kwa miongo sita sasa, watengenezaji wamekuwa wakitafuta namna ya kuyaficha majeraha hayo, au wakaamua kuyaacha wazi, na uamuzi huo mara nyingi umetegemea bei ya plastiki kuliko matakwa ya wasanii.

Chanzo chake ni Marekani mwaka 1963, wakati Stan Weston, wakala wa leseni za biashara, alipoipelekea kampuni ya Hasbro wazo la mwanasesere wa askari kwa ajili ya wavulana. Don Levine, mmoja wa wakuu wa Hasbro, alivutiwa na kitu alichokiona katika duka la vifaa vya sanaa: ile sanamu ndogo ya mbao yenye viungo ambayo wachoraji huitumia kujifunza mikao ya mwili wa binadamu. Weston alilipwa dola 100,000 za mkupuo mmoja badala ya mrabaha, uamuzi uliomkosesha mamilioni.

Kisanamu hicho, G.I. Joe, kiliingia sokoni mwaka 1964 kikiwa na urefu wa karibu inchi 12 (sentimita 30) na sehemu 21 zilizoweza kusogezwa. Viwiko na magoti yalishikanishwa kwa ribiti, huku kamba za mpira zilizopita ndani ya kiwiliwili zikivuta mikono na miguu isitengane na mwili. Kikivuliwa nguo hakikupendeza hata kidogo. Ribiti zilionekana wazi na mabega yalikuwa na mianya. Lakini kilivishwa sare ya kijeshi ya kitambaa, na kitambaa kikasitiri yote. Hiyo ilikuwa njia ya kwanza ya kuficha mkato, na mpaka leo hakuna iliyo rahisi kuishinda.

Hasbro ilihofia kwamba hakuna mzazi ambaye angemnunulia mwanawe mwanasesere. Kwa sababu hiyo neno hilo lilipigwa marufuku katika matangazo yake, na bidhaa ikapewa jina jipya lililosisitiza vitendo. Jina hilo ndilo lililoenea na kuwa la aina nzima ya visanamu vya namna hii, na baadaye, kama itakavyoonekana, mzozo wa maneno ukafika hadi mahakamani.

Uso wa kisanamu ulitumika kama hati ya umiliki. Kwa kuwa umbo la mwili wa binadamu si rahisi kulimiliki kisheria, Hasbro ilikitia G.I. Joe kovu kwenye shavu la kulia. Zaidi ya hayo, kucha ya kidole gumba cha mkono wa kulia ilichongwa upande usio wake, na kosa hilo likawa msaada: aliyenakili kisanamu kizima bila kufikiri alinakili pia kosa, na hivyo akajifichua.

Mwaka 1965 Hasbro ilitoa askari mweusi. Hata hivyo, hakuna mchongaji aliyeketi kumtengenezea uso wake. Kalibu ya kichwa cha mzungu ilitumika ile ile, ikamiminwa plastiki na kupakwa rangi ya kahawia. Kalibu moja ya chuma hugharimu fedha nyingi, na kampuni ilikuwa ikipunguza gharama. Hoja hiyo inaeleza kilichotendeka lakini haimpunguzii aibu mtu yeyote, na wakusanyaji wa leo wanaposhika kichwa hicho huona pua na midomo visivyoafikiana na rangi.

Uingereza ilipata toleo lake mwaka 1966, pale Palitoy ilipoanza kuuza Action Man chini ya leseni ya Hasbro. Waingereza hawakuridhika na kunakili tu. Mwaka 1970 kichwa cha plastiki kilichopakwa rangi kilianza kuoteshwa nywele fupi za nyuzinyuzi, na mwaka 1973 mikono migumu ikabadilishwa kwa mikono ya plastiki laini yenye vidole vilivyojikunja kushika bunduki au kamba. Mwaka uliofuata Hasbro iliichukua mikono hiyo na kuitangaza kwa jina lililonufaika na homa ya filamu za kung-fu. Huo ulikuwa uvumbuzi mkubwa kuliko ulivyoonekana. Vidole vilipata uwezo bila kukatwa popote, kwa sababu plastiki yenyewe ndiyo iliyofanya kazi ya kiungo. Kasoro yake iligunduliwa miaka michache baadaye, plastiki hiyo ilipoanza kukauka na vidole kukatika kimoja baada ya kingine.

Kisha likaja tatizo la mafuta. Mzozo wa mwaka 1973 ulipandisha bei ya mafuta ghafi, na plastiki hutokana na mafuta. Kisanamu cha inchi 12 kikawa mzigo. Hasbro iliacha kuitengeneza G.I. Joe ya ukubwa huo mwaka 1976. Tayari kampuni ya Mego ilikuwa imeonyesha njia mwaka 1972 kwa mashujaa wa inchi nane waliotumia mwili mmoja, wakibadilishwa vichwa na mavazi pekee.

Japani ilifuata mkondo wake. Takara, iliyokuwa na leseni ya G.I. Joe, iliutumia mwili huo mwaka 1972 kuunda Henshin Cyborg, kisanamu cha plastiki angavu ambacho ndani yake mitambo ilionekana. Wajapani hawakuficha kiungo. Walikifanya kiwe sehemu ya urembo, kwa kuwa roboti hana sababu ya kuona haya kwa skrubu zake. Mwaka 1974 wazo hilo lilipunguzwa likawa Microman, wa takriban sentimita 10, ambaye licha ya udogo wake aliweza kukunja viwiko na magoti. Mego ilimpeleka Marekani mwaka 1976 kwa jina la Micronauts. Ilithibitishwa basi kwamba udogo si kisingizio cha ugumu.

Funzo hilo halikuzingatiwa na kampuni iliyopata mafanikio makubwa kuliko zote. Mego iliikataa leseni ya filamu ya Star Wars, na Kenner ikaichukua. Inasimuliwa kwamba Bernard Loomis, mkuu wa Kenner, alitanua kidole gumba na cha shahada akauliza umbali huo ni kiasi gani. Jibu likawa inchi 3.75, na ndio urefu aliopewa Luke Skywalker. Iwe ni kweli au la, hesabu iliyokuwa nyuma ya uamuzi huo ilikuwa wazi. Filamu ilijaa vyombo vya angani, na chombo cha kumbeba rubani wa inchi 12 kisingeingia mlangoni mwa nyumba ya kawaida, wala bei yake mfukoni mwa mzazi.

Mahitaji yaliizidi Kenner nguvu kiasi kwamba katika Krismasi ya 1977 iliuza bahasha za kadibodi zenye cheti cha kuahidiwa, na visanamu vyenyewe vikawafikia watoto mwaka 1978. Vingi vilikuwa na viungo vitano: shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Luke angeweza kuketi na kuinua mkono, basi. Hakuwa na kiwiko wala goti.

Ufukara huo wa viungo ulimpa mchongaji nafasi. Kisanamu kilichongwa kwanza kwa nta kikiwa mara mbili ya ukubwa wake wa mwisho, ili mikunjo ya nguo na vifungo vya mkanda vionekane vyema, kisha mashine ya pantografu ikapunguza umbo hilo nusu wakati wa kuchonga kalibu ya chuma. Mavazi hayakuwa tena ya kitambaa. Yalichongwa pamoja na mwili. Nyuso, kwa upande mwingine, zilibaki nukta mbili za macho na mstari wa mdomo. Watoto hawakulalamika.

Mwaka 1982 ulileta majibu mawili yaliyopingana. Hasbro ilimrudisha G.I. Joe akiwa wa inchi 3.75, lakini ikakataa umaskini wa viungo vitano. Askari huyo alikunja viwiko na magoti na kuzungusha kiuno, kwa sababu ndani ya kiwiliwili chake mlikuwa na pete ya mpira iliyounganisha sehemu ya juu na miguu. Mwaka 1983 mkono ulipata mzunguko juu ya kiwiko, hivyo askari akaweza kushika bunduki kwa mikono miwili, na mwaka 1985 shingo ikawekewa gololi. Mtoto aliyekuwa na bisibisi aliweza kumfungua kwa skrubu ya mgongoni na kubadilisha viungo apendavyo. Mpira ulipochoka na kukatika, askari alianguka vipande viwili, na wengi wa wale walioishi hadi leo wamebadilishwa mpira zaidi ya mara moja.

Mattel, kwa upande wake, ilikuja na Masters of the Universe. He-Man alikuwa na urefu wa inchi tano na nusu, misuli kama ya mpiga mieleka na kiuno chenye springi kilichorusha ngumi kikizungushwa na kuachiliwa. Viungo vilikuwa vichache. Mchongaji alipewa kila kitu, ila kampuni ilihakikisha kwamba kiwiliwili, mikono na miguu ile ile inatumika kwa wahusika wengi. Adui na rafiki walikuwa na kifua kimoja. Kilichowatofautisha ni kichwa, rangi na silaha.

Kwa miaka kumi hivi hali ilibaki hapo. Aliyeivuruga ni Todd McFarlane, mchoraji wa vibonzo mzaliwa wa Calgary, Canada, ambaye mwaka 1994 alianzisha kampuni yake ili kutengeneza visanamu vya mhusika wake, Spawn. Wateja waliokuwa watoto wakati wa Star Wars walikuwa sasa na mishahara. McFarlane aliwalenga hao. Minyororo, makovu, meno na mikunjo ya ngozi vilichongwa kwa undani ambao haukuwahi kuonekana kwenye kisanamu cha bei ya duka la kawaida, na rangi nyeusi iliyopunguzwa maji ilipitishwa juu ili iingie katika mifereji na kukoleza vivuli.

Washindani walilazimika kuwafuata wachongaji wake. Baadhi yao waliondoka mwaka 1999 na kuunda Four Horsemen Studios, ambayo baadaye ilimchonga upya He-Man kwa ajili ya Mattel. Lakini kadiri uchongaji wa McFarlane ulivyokomaa ndivyo viungo vilivyopungua. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, bidhaa zake nyingi zilisimama katika mkao mmoja tu. Zilikuwa sanamu za plastiki za kuwekwa rafuni, na mnunuzi aliyejaribu kuukunja mkono aliubanjua.

Jibu lilitoka kwa Toy Biz mwaka 2002, kupitia mfululizo wa inchi sita wa Marvel Legends. Visanamu hivyo vilitangazwa kuwa na zaidi ya viungo 30: bawaba mbili kwenye kila goti, gololi mabegani, vidole vinavyokunjika, hata ncha ya mguu. Kapteni Marekani aliweza kuchuchumaa, na Spider-Man akatambaa ukutani kama anavyochorwa vitabuni. Mikato ilionekana kila mahali. Wanunuzi waliikubali, na tangu hapo kampuni yoyote iliyotoa shujaa wa inchi sita asiyekunja kiwiko ilijieleza.

Hesabu ya viungo, hata hivyo, ina hila zake. Gololi moja iliyowekwa vizuri kwenye bega hufanya kazi ya mikato miwili au mitatu, ilhali bawaba iliyozibwa na vazi gumu huhesabiwa kwenye kifurushi ingawa haisogei. Wakusanyaji wazoefu hawaulizi tena viungo ni vingapi. Huuliza kama mkono unafika usoni na kama kisanamu kinasimama bila kuegemezwa.

Ni Toy Biz hiyo hiyo iliyofikisha uchongaji mahakamani. Sheria ya forodha ya Marekani ilitoza wanasesere ushuru wa asilimia 12, na vifaa vingine vya kuchezea asilimia 6.8. Tofauti ilitegemea kama kisanamu kinamwakilisha binadamu. Toy Biz ilidai kwamba wahusika wake, wakiwemo X-Men, si binadamu, na mwaka 2003 Jaji Judith Barzilay wa Mahakama ya Biashara ya Kimataifa alikubali, baada ya kuzingatia makucha, mabawa na viungo vya kiroboti vilivyochongwa kwenye visanamu hivyo. Mashabiki walikasirika. Kwa miaka 40 vibonzo hivyo vilikuwa vimehubiri kwamba wahusika hao ni watu kama wengine, na sasa kampuni yenyewe ilikuwa imeapa kinyume ili kupunguza ushuru.

Huko Japani, wahandisi walihangaikia kiungo chenyewe. Mwaka 2006 kampuni ya Kaiyodo ilianzisha Revoltech, iliyotumia kiungo cha pekee chenye meno ya ndani yanayotoa sauti ya kukatika kila kinapozungushwa, hivyo mkao haulegei. Mwaka 2008 zilifuata figma ya Max Factory na S.H.Figuarts ya Bandai. Figma ilitumia plastiki laini kufunika sehemu ya viungo, na kuleta mikono ya kubadilisha pamoja na nyuso kadhaa kwa kisanamu kimoja. Hisia za uso, ambazo hazina kiungo, zikawa kitu cha kuchomoa na kuchomeka.

Katika ukubwa wa inchi 12, Hot Toys ya Hong Kong, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilirejea siri ile ya 1964: mwili wenye viungo vingi, umefichwa ndani ya nguo za kitambaa. Tofauti ilikuwa kichwani. Wachongaji wake, kadhaa wao kutoka Korea Kusini, walifanana na waigizaji wa filamu kiasi cha kuwababaisha watazamaji wa picha, na kufikia 2010 baadhi ya vichwa vilikuwa na mboni zinazosogezwa kwa ndani. Kampuni ya Phicen ya China, iliyojulikana baadaye kama TBLeague, ilienda mbali zaidi kwa kuuvika mfupa wa chuma ngozi ya silikoni isiyo na mshono hata mmoja. Hapo hatimaye kiungo kilikuwepo na mkato haukuwepo. Lakini silikoni hupasuka, na nguo nyeusi huitia madoa.

Mabadiliko ya karibuni yamefanyika kwenye kompyuta. Programu ya ZBrush, iliyotoka 1999, ilichukua polepole nafasi ya nta na udongo, na skana za kunasa sura za waigizaji zikawaondolea wachongaji kazi ya kukisia. Rangi ya uso iliyokuwa ikigongwa kwa muhuri laini, jicho siku hii na nyusi siku ile, mara nyingi macho yakienda upande, ilianza kuchapishwa kwa mashine kama picha. Hasbro, iliyochukua leseni ya Marvel mwaka 2007, iliueneza uchapishaji huo katika visanamu vyake vya inchi sita mnamo 2018. Karibu mwaka 2020 ilianza kuondoa pini zilizoonekana kwenye viwiko na magoti, kasoro iliyochukiza zaidi kwenye mikono isiyo na nguo.

Katika mwaka huo wa 2018 ilitoka filamu ya Black Panther, na Nakia, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, akawa kisanamu cha Marvel Legends. Okoye hakuuzwa kamili. Vipande vyake viligawanywa katika vifurushi vya wenzake, na aliyemtaka alilazimika kuvinunua vyote. Vichwa vyao vilichongwa kwa ajili yao. Kati yao na askari yule wa 1965 kuna miaka 53.

Ingedhaniwa basi kwamba viungo vitano vimezikwa. Haikuwa hivyo. Kila kiungo kinahitaji kipande kingine katika kalibu, mikono zaidi ya wafanyakazi wa kuunganisha katika viwanda vya China, na majaribio ya kuhakikisha hakichomoki kikamezwa na mtoto. Mwaka 2013 Hasbro ilirudisha Star Wars za viungo vitano kwa ajili ya watoto ili kushusha gharama. Mwaka huo huo Super7 ilitoa visanamu vya filamu ya Alien vilivyobuniwa na Kenner mwaka 1979 bila kuuzwa. Navyo vina viungo vichache na nyuso za kukadiria, na walionunua ni watu wazima.

Bei za mnadani zinathibitisha mapenzi hayo. Mnamo 1979 Kenner ilimtayarisha Boba Fett mwenye roketi ya kuruka mgongoni, ikaifuta baada ya mtoto kufariki kwa kukabwa na kombora la kifaa cha kampuni nyingine. Toleo lililofika madukani lilikuwa na roketi iliyogandishwa. Mwaka 2024, kielelezo kimoja cha awali kilichopakwa rangi kwa mkono kiliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola 525,000. Hakina kiwiko wala goti.